Mboga za Nyumbani Zipimwe Sawa na Zinazopelekwa Ng'ambo

Hotuba kwa wakulima, wachuuzi wa mboga na wazazi mjini Nakuru

Wazee wetu, akina mama wa soko, wakulima mliotoka Subukia, Bahati, Njoro na Molo, walimu, wahudumu wa afya wa jamii na vijana mliohudhuria, nawasalimu na kuwashukuru kwa kuniita. Kazi yangu imekuwa ya ugani wa kilimo, katika kaunti hii na katika kaunti za magharibi, na mmeniomba nizungumzie dawa tunazonyunyizia mimea, mabaki yake katika chakula, na madhara yake kwa afya zetu na kwa mazingira. Nitajitahidi kusema yale tu yenye ushahidi, kwa maana jambo hili mara nyingi huzungumzwa kwa hofu iliyopita kiasi, au huachwa lisizungumzwe kabisa, na hali zote mbili zimetuchelewesha.

Naanza na maharagwe machanga, yale yanayopandwa kwa ajili ya kusafirishwa. Mwanzoni mwa mwaka 2013, Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba shehena moja katika kila kumi ya maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya ipimwe mabaki ya dawa kabla ya kuruhusiwa kuingia, baada ya kukutwa mabaki ya dimethoeti, dawa ya kuulia wadudu, yaliyozidi kiwango kinachokubalika. Sekta nzima ilitikisika. Bodi ya kudhibiti dawa za kuulia wadudu ilizuia dimethoeti isitumiwe kwenye matunda na mboga, KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, ikakaza upimaji, na wasafirishaji wakawadai wakulima kumbukumbu za kila unyunyizaji: dawa gani, kipimo gani, tarehe gani, na nani aliyebeba bomba la kunyunyizia. Wakulima wadogo ambao hawakuweza kuzitunza kumbukumbu hizo waliachwa nje ya biashara, na hilo lilikuwa chungu. Hata hivyo, mfumo ulithibitika kuwa unawezekana. Nchi yetu ilionyesha kwamba ikitaka kujua kilichomo ndani ya ganda la haragwe, inao wataalamu, inayo maabara, na inazo sheria za kufanyia kazi hiyo.

Wenzetu wa Kisumu, Homa Bay na Busia wanakumbuka tukio linalofanana na hilo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, kufuatia taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga dawa za kuulia wadudu majini ili wapate samaki kwa wepesi. Serikali za nchi tatu zinazolizunguka ziwa zilihangaika, ukaguzi katika mialo ukaimarishwa, upimaji ukawekwa, na hatimaye soko likafunguliwa tena. Mimi nauliza swali ambalo wakati ule halikuulizwa kwa sauti ya kutosha: kabla ya amri ile kutoka Ulaya, ni nani aliyekuwa akimlinda mlaji wa Dunga au wa Usenge, ambaye alikuwa akila samaki wa ziwa lile lile, tena kila siku?

Hoja yangu leo ni hiyo. Sukuma wiki inayoingia soko la Wakulima hapa Nakuru, au Kibuye kule Kisumu, inastahili kupimwa kwa uzito ule ule unaopewa haragwe linalopanda ndege. Mtoto wa Rhonda au wa Manyatta hana ini gumu kuliko la mtoto wa Amsterdam. Na tukidai hivyo hatuombi hisani ya mtu. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata chakula cha kutosha na chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi yasiyodhuru afya. Na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za bidhaa anayoinunua na kulindwa afya yake. Mama anayenunua fungu la mboga jioni ni mnunuzi kama mnunuzi mwingine yeyote.

Sasa tuingie shambani, kwa sababu mabaki hayaingii kwenye chakula kwa bahati mbaya. Kila dawa iliyosajiliwa ina muda wa kusubiri kati ya unyunyizaji wa mwisho na siku ya kuvuna, na muda huo umeandikwa kwenye kibandiko chake. Kuna dawa za siku 3, za siku 7, za siku 14, na nyingine zaidi ya hapo. Siku hizo ndizo zinazoipa dawa nafasi ya kuvunjwa na jua, na mvua, na mmea wenyewe, hadi kiasi kinachobaki kishuke chini ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Mkulima akizifuata siku hizo na kipimo kilichoandikwa, mara nyingi mlaji hana la kuogopa. Tatizo ni kwamba mazao tunayoyala zaidi ni yale yasiyosubiri. Nyanya zikishaanza kuiva huchumwa mara mbili kwa wiki. Majani ya sukuma wiki hukatwa kila baada ya siku chache kwa miezi mingi. Kwa hiyo dawa yenye siku 14 za kusubiri haiwezi kutumiwa kihalali kwenye shamba la nyanya ambalo uchumaji umekwisha kuanza, hata mkulima awe mwangalifu kiasi gani. Hesabu yenyewe haikubali. Wakulima wengi niliozungumza nao hawajawahi kuambiwa hivyo na aliyewauzia. Anayeuza huulizwa dawa ya wadudu weupe, akatoa dawa ya wadudu weupe, na habari ya siku ikabaki kwenye maandishi madogo ambayo mzee mwenye miwani iliyovunjika hawezi kuyasoma.

Kisha kuna broka. Ninyi wakulima wa Subukia mnalijua jambo hili kuliko mimi. Umenyunyiza Jumatatu, ukakusudia kuchuma wiki inayofuata. Jumanne usiku simu inalia: lori liko njiani, bei ya kreti imepanda, na kama hutaki jirani yako anataka. Ukikataa, nyanya zitaivia shambani na wiki ijayo bei itakuwa imeanguka. Karo ya shule haisubiri. Sisemi haya ili kumtetea anayechuma nyanya zikiwa zingali na dawa, kwa sababu mwisho wa safari ya kreti ile kuna mtu atakayeila saladi mbichi. Nasema kwa sababu nimesikia semina nyingi zinazomlaumu mkulima peke yake, nami naona semina za namna hiyo ni kupoteza wakati. Siku za kusubiri zitafuatwa pale ambapo mnunuzi wa jumla ataulizia tarehe ya unyunyizaji kabla hajapakia, na pale ambapo mkulima aliyesubiri hataadhibiwa na bei kwa kusubiri kwake. Wakulima wanaouza kwa pamoja kupitia chama cha ushirika wana nguvu ya kumwambia broka arudi Ijumaa. Mkulima aliye peke yake hana nguvu hiyo.

Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Akina mama wa soko wananiambia kwamba mteja hukataa jani lenye tundu moja la kiwavi na kuchukua lile lisilo na doa hata moja. Mkulima anaisikia lugha hiyo vizuri sana na huijibu kwa bomba. Mnaijua pia nyanya yenye unga mweupe au wa samawati, ambayo mchuuzi huifuta kwa leso kabla ya kuipanga. Unga ule mara nyingi ni mabaki ya dawa za ukungu kama mankozebu. Kuosha kwa maji safi yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono kunaondoa sehemu ya yale yaliyo juu, na kumenya ganda huondoa zaidi, kwa hiyo fanyeni hivyo kila siku. Lakini zipo dawa zinazofyonzwa na mmea na kusambaa ndani ya majani na tunda, na hizo hakuna maji yatakayozifikia. Nawasihi pia, kwa moyo wote, msiache kula mboga kwa sababu ya maneno yangu. Faida ya mboga kwa mwili inajulikana na ni kubwa, na familia inayoacha mboga ili kukwepa dawa inajitia katika hatari iliyo ya hakika zaidi. Managu, saga, mchicha na kunde mara nyingi hunyunyiziwa kidogo kuliko nyanya na sukuma wiki, na hata kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba kinaweza kuziotesha.

Nimezungumzia mlaji kwanza kwa kuwa wengi wenu mmekuja kwa sababu hiyo. Lakini mtu anayeumia kwanza, na kwa kiasi kikubwa zaidi, ni yule aliyebeba bomba mgongoni. Mlaji hupata mabaki madogo. Mnyunyizaji hukutana na dawa yenyewe ikiwa kali, ikiwa bado haijachanganywa na maji. Huipima kwa kifuniko cha chupa, mikono mitupu. Huikoroga kwa kijiti au kwa mkono. Tundu la bomba likiziba hulipuliza kwa mdomo. Bomba likivuja, maji yale hushuka mgongoni na kulowesha suruali kwa saa nne au tano za kazi. Jioni nguo zile hukunjwa pamoja na nguo za watoto, na mke au binti huzifua kwa mikono. Ngozi ndiyo mlango mkubwa wa dawa hizi kuingia mwilini, na ngozi yenye jasho katika jua kali huzipitisha kwa wepesi zaidi.

Hapa lazima nizungumzie maziwa. Tangu Njoro hadi Ahero nimekuta imani kwamba mtu akinywa maziwa kabla au baada ya kunyunyiza, sumu haitamdhuru. Wapo waajiri ambao huwapa vibarua wao pakiti ya maziwa badala ya glavu, na wanaamini kwamba wamewatendea wema. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yakishaingia tumboni hayawezi kuizuia dawa iliyopita kwenye ngozi ya mgongo na kuingia kwenye damu. Hayazuii chochote. Kinachozuia ni glavu za mpira, buti, ovaroli au nguo ya mikono mirefu inayofuliwa peke yake, kitu cha kufunika pua na macho, kutembea huku upepo ukiipeleka dawa mbali na mwili, na kuoga kwa sabuni mara kazi inapokwisha, kabla ya kumbeba mtoto. Mwajiri asiyeweza kununua glavu hana haki ya kumpa kijana wa watu bomba.

Someni rangi iliyoko chini ya kibandiko, hata kama maandishi ni madogo. Mstari mwekundu ni sumu kali sana. Wa manjano ni sumu ya wastani, na wastani hapa haumaanishi salama. Wa samawati ni hafifu zaidi. Na wa kijani ni ile ambayo haitarajiwi kudhuru haraka ikitumiwa ipasavyo. Kwa matumizi ya shamba dogo la mboga karibu na nyumba, sioni sababu ya mtu kubeba chupa yenye mstari mwekundu.

Dawa nyingi za wadudu zilizozoeleka hapa kwetu, za jamii ya oganofosfeti na kabameti, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya kinachozima ujumbe kati ya neva moja na nyingine au kati ya neva na msuli. Ujumbe usipozimwa, mwili hauachi kupokea amri. Ndiyo maana mtu aliyedhurika hutokwa na jasho, mate na machozi mengi, hutapika na kuharisha, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na mwishowe kupumua kunamwia vigumu. Mwenzenu akipatwa na hali hiyo, mtoeni shambani apate hewa safi, mvueni nguo zote zilizolowa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mkimbizeni hospitalini, na mchukue chupa au kibandiko cha dawa ile. Msimlazimishe kutapika. Kibandiko ndicho kitakachomwezesha daktari kujua kama atropini, dawa ya kupambana na sumu ya aina hii, inahitajika au la, kwa sababu matibabu ya dawa moja siyo ya nyingine. Parakwati, kwa mfano, ambayo ni dawa ya magugu, huharibu mapafu na haina kiuasumu. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007.

Swali ambalo naulizwa kila mahali ni la saratani. Jibu la haki linahitaji uvumilivu kidogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitathmini dawa kadhaa mwaka 2015. Liliiweka lindeni katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na likaziweka malathioni, diazinoni na glaifoseti katika kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha. Kuhusu glaifoseti, ambayo ndiyo dawa ya magugu inayotumiwa zaidi duniani, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya haikukubaliana na tathmini hiyo, na mwaka 2023 Ulaya iliongeza kibali chake kwa miaka 10. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba sayansi imekwisha kumaliza neno kuhusu glaifoseti, upande wowote ule, mwulizeni amelitoa wapi. Vilevile siwezi kusimama hapa na kuwaambia kwamba wagonjwa wote wa saratani mnaowajua katika vijiji vyenu waliupata ugonjwa huo kwa sababu ya dawa za shambani. Saratani zina sababu nyingi: tumbaku, pombe, virusi, na hata mahindi yaliyooza yenye sumukuvu. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hatari huongezeka kwa wale wanaozishika dawa hizi mwaka baada ya mwaka, na kwamba hatari nyingine zisizo saratani zimethibitika vizuri zaidi na bado hatuzizungumzii.

Ile inayonihangaisha kuliko zote ni ya watoto. Klorpirifosi imekuwa ikitumiwa kwa miaka mingi dhidi ya wadudu wa mboga, mchwa na viwavi. Mwaka 2019 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema kwamba hawawezi kutaja kiwango chochote cha dawa hiyo kinachoweza kuitwa salama, kwa sababu ya dalili za madhara kwa ubongo wa mtoto unaokua, tangu akiwa tumboni. Mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni huko. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake, ziliiongeza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani. Mtoto hula chakula kingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wa mwili wake, hutambaa chini, hutia vidole mdomoni. Dozi ndogo kwa baba siyo ndogo kwa mtoto. Na mama mjamzito anayepalilia katika shamba lililonyunyizwa asubuhi hiyo amembeba mtu wa pili ambaye hakuna glavu inayomtosha. Mankozebu nayo, ambayo wakulima wa viazi wa Molo, Kuresoi na Mau Narok huinyunyiza mara kwa mara msimu wa mvua kuzuia ugonjwa wa blaiti, ilinyimwa kibali kipya Ulaya mwishoni mwa mwaka 2020 kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi na kwa homoni.

Mtaona kwamba nimeitaja Ulaya mara nyingi, na mtu anaweza kuuliza kama sisi hatuna akili zetu wenyewe. Tunazo. Mwaka 2019 Mheshimiwa Gladys Shollei, wakati huo akiwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha ombi katika Bunge la Taifa akitaka dawa zenye madhara ziondolewe nchini, na mwaka huo huo uchambuzi wa mashirika ya kiraia ulionyesha kwamba takribani thuluthi moja ya viambato vilivyosajiliwa Kenya vilikuwa vimeondolewa au kuwekewa masharti makali Ulaya. Mwaka 2025 serikali yetu ilitangaza kuondoa na kuzuia idadi kubwa ya dawa. Nakubali kwamba wadudu wetu siyo wale wa Uholanzi, na kwamba kuna dawa ambayo wao hawaihitaji nasi tukaihitaji. Lakini neva ya binadamu ni ile ile, na dawa ambayo kiwanda hakiruhusiwi kuiuza kwa mkulima wa nchi yake haipaswi kupakiwa melini kuletwa kwa mkulima wa Bahati.

Maji nitayataja kwa ufupi. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka; kinacholetwa na Mto Njoro, Makalia na Nderit hubaki humo. Mvua kubwa ya Aprili ikinyesha kwenye mashamba ya juu yaliyonyunyizwa wiki ile, udongo hushuka na dawa zilizoshikamana nao. Upande wa magharibi, Nyando na Nzoia hupita kwenye miwa na mahindi ambako atrazini hutumiwa kuua magugu. Ulaya iliacha kuiruhusu zaidi ya miaka 20 iliyopita kwa sababu ilikuwa ikikutwa kwenye maji ya ardhini. Na katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia, watafiti wa ndege waliandika kwa miaka kadhaa jinsi karbofurani, dawa kali ya kuulia wadudu, ilivyokuwa ikitiwa ndani ya konokono ili kuwatega ndege wa majini, kisha nyama yao ikauzwa na kuliwa na watu. Dawa iliyonunuliwa dukani kwa ajili ya mimea iliishia kwenye sufuria za jamii ile.

Lipo jambo jingine ambalo familia nyingi hulibeba kimya. Katika nyumba zetu chupa ya dawa hukaa chini ya kitanda au juu ya kabati, na mtu aliyezidiwa na huzuni huifikia katika dakika ambayo, kama isingekuwapo karibu, ingepita. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa zilizokuwa kali zaidi, hatua kwa hatua, na kati ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa takribani asilimia 70, wala mavuno ya nchi hayakuanguka kwa sababu hiyo. Dawa zifungiwe kwa kufuli nje ya nyumba ya kulala, na mwenye kuelemewa apewe sikio na apelekwe hospitalini bila aibu.

Mkulima ataniuliza, sasa nile nini, na viwavijeshi wameingia mahindini tangu mwaka 2017? Ni swali la haki, na majibu yapo, mengine yamezaliwa hapa hapa kwetu. Mbinu ya sukuma-vuta ilikuzwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa kilimo wa Kenya na Uingereza. Mahindi hupandwa pamoja na desmodi, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo wa vipekecha shina, na shamba huzungushiwa nyasi za nepia au brakiaria zinazowavuta nondo hao kutaga mayai huko. Desmodi pia huzuia kayongo, yale magugu yanayonyonya mizizi ya mahindi, huongeza rutuba, na hulishwa ng'ombe. Imeonekana kupunguza viwavijeshi pia. Inadai kazi nyingi mwaka wa kwanza na mbegu za desmodi si rahisi kupatikana, na nadhani kaunti ingefanya jambo la maana zaidi kuzalisha mbegu hizo kuliko kugawa chupa za dawa kila viwavi wanapotokea. Kwa viazi, aina zinazostahimili blaiti kama Sherekea hupunguza idadi ya minyunyizo ukilinganisha na Shangi, ingawa najua soko linaipenda Shangi. Kwa mahindi ya ghalani, mifuko isiyopitisha hewa huwaua fukusi na dumuzi kwa kuwanyima hewa, bila unga wowote wa dawa katika chakula cha watoto. Na kwa kila zao, mkulima akague shamba kwanza, ahesabu wadudu, kisha aamue. Kunyunyiza kwa kufuata kalenda ni gharama inayozidi faida.

Haya yote hayatafika kwa mkulima bila mtu wa kumfikishia. Tangu ugatuzi, huduma za ugani ni jukumu la kaunti, na maafisa ni wachache mno. Pengo lao limejazwa na muuzaji wa agroveti, ambaye wengi wao ni watu waungwana, lakini kipato chake kinategemea chupa anazouza. Siyo haki kumtwisha yeye kazi ya daktari na ya duka kwa pamoja.

Kwa hiyo tumeandika ombi kwa Bunge la Kaunti, kama Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinavyomruhusu kila mtu. Tunaomba kwamba kila mwezi zichukuliwe sampuli za nyanya, sukuma wiki, viazi na pilipili hoho kutoka masoko makuu ya kaunti hii, na matokeo yabandikwe sokoni kwa jina la zao na eneo lilikotoka, bila jina la mchuuzi, kwa sababu mchuuzi hakunyunyiza. Hatuombi jengo jipya. KEPHIS inayo maabara inayopima mazao ya kusafirishwa, na sampuli zinaweza kupelekwa huko kwa makubaliano. Tunaomba fedha za kuajiri maafisa wa ugani, atropini iwepo katika vituo vya afya vya maeneo ya kilimo, na pawe na mahali pa kurudisha chupa tupu, ili zisiendelee kubebea maji, mafuta ya taa na maziwa. Makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni kufikia 30 Aprili, kwa hiyo ombi lisiloingia kabla ya tarehe hiyo litasubiri mwaka mzima.

Karatasi za sahihi ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango, na wenzetu wa Kisumu wamechukua nakala ili waandike lao. Waliokuja na vibandiko au chupa za dawa wanazotumia, kama tulivyoomba, wazipange hapa mbele tuzisome pamoja, rangi ya mstari na siku za kusubiri, moja baada ya nyingine. Tutaanza na maswali ya akina mama wa soko, kwa kuwa wanatakiwa kurudi kwenye meza zao kabla ya saa tisa.